Mfua Kanzu za Kanisani

Mpangaji wa chumba cha nyuma, pale kwetu Kibokoni, alikuwa mfua kanzu za kanisani. Alitoka bara na mumewe, mtu wa relwe, kisha mume akahamia Makadara kwa mwanamke mwingine. Alikuwa akilamba ncha ya kidole, akaigusa pasi ya makaa, na ikilia ndipo huanza kazi. Pete ya ndoa hakuivua hata mikono ikiwa ndani ya sabuni. “Kwetu ungeshapewa talaka, ukakaa eda, ukaolewa,” mwenye nyumba, Bi Khatoon, alimwambia. “Kwetu hakuna talaka, Bi. Niliapa mbele ya madhabahu mpaka kufa.”

Vita vya pili vya dunia vilipokaribia kwisha, mume akaletwa kwa mkokoteni, homa imemlaza, yule mwanamke amemfukuza. Mkewe akamtandikia kitanda chake mwenyewe, akamnywesha uji kwa kijiko. Mume akiomba msamaha, yeye hupuliza makaa. Wiki ikapita, neno hakuna. “Mwanangu, mbona humsemeshi?” akauliza Bi Khatoon. Akanyoosha ukosi wa kanzu ya padri, akaukandamiza pasi. “Niliapa kumuuguza, Bi. Kumsemesha sikuapa.”