Sahihi Moja kwa Akaunti Zote

Kuna watu husema wamesamehe ili wapate kulala. Mimi nalala vizuri, na sijamsamehe.

Nilikuwa mama wa mapokezi katika gesti moja ya Homa Bay. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu aliyekuja Migori zamani kuuza vitambaa, biashara ikamnyookea, akajenga gesti mbili: moja Suna, pale mjini Migori, na hiyo yetu ya Homa Bay. Sote tulimwita Hajji. Homa Bay ndiko kwetu. Mama yangu anaishi huko, macho yake yamefifia, na kila jioni nilikuwa nikitoka kazini nampikia na kumwandalia maji ya kuoga.

Juu yangu alikuwapo msimamizi wa gesti zote mbili, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, tuliyemwita Mwalimu. Mtu wa kutembea polepole ili asalimiwe. Mpwa wake alikuwa amemaliza chuo na hana kazi. Ningetakiwa kuona hapo mambo yanaelekea wapi, lakini mtu anayepiga pasi shuka na kupokea wageni hana muda wa kuchunguza mpwa wa nani amemaliza chuo.

Malalamiko yakaanza kuingia kwa barua pepe. Aliyeyaandika alijiita Mteja Mwaminifu. Shuka zinanuka. Chai inaletwa baridi. Mama wa mapokezi ana mdomo. Shuka hizo nilizipiga pasi kwa mkono wangu mwenyewe! Lakini Hajji ni mfanyabiashara wa kale, kwake mteja habishiwi hata akisema jua ni la kijani. Akaja Homa Bay, akanikalisha mbele ya kompyuta ya gesti kwa sababu yeye haandiki kwa mashine, akanisomea jibu la kumpelekea huyo mteja.

"Andika: Tumepokea malalamiko yako. Mhusika ameondolewa. Karibu tena."

Mhusika nilikuwa mimi. Nikaandika kwa vidole vyangu na kutuma.

Nikahamishiwa Suna, na kiti changu kikakaliwa na yule mpwa. Huko Suna wageni wangu walikuwa wanunuzi wa dhahabu wanaotoka machimboni Osiri na vumbi mpaka kwenye nyusi, wakipiga kelele kwenye simu hadi kuta zinasikia bei. Nikapanga chumba. Mama akabaki mikononi mwa jirani, anayemletea maji akikumbuka. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani.

Kisha Mwalimu akaja Suna na simu mpya.

"Nyar Homa Bay," akasema, akiniita binti wa Homa Bay kwa Kijaluo, "hii kitu itaniua. Niko na email ya gesti ya huku, ya kule, ya kanisa, na zangu. Kila saa natoka hii naingia ile. Nitafutie app moja itakaa na zote."

Nikamwagizia chai, nikapakua programu kadhaa ili azijaribu. Nywila aliziandika mwenyewe, amezikinga kwa kiganja kama mwanafunzi anayeficha karatasi ya mtihani. Lakini anwani hazikingwi. Ya mwisho aliyoingiza ilikuwa ya Mteja Mwaminifu.

Niliitambua mara moja. Yeye hakushtuka hata kidogo, akanywa chai yake. Alidhani jibu lile Hajji aliliandikisha dukani kwake. Hakujua kwamba anwani hiyo iliwahi kupita kwenye vidole vyangu.

Ningekimbia kwa Hajji? Mwalimu angesema nimeiweka mimi, maana simu ilikuwa mikononi mwangu. Mzee wa kanisa na mama wa mapokezi aliyefukuzwa Homa Bay, nani angeaminiwa? Nikainamisha kichwa, nikaendelea kuchagua.

Programu iliyokuja na simu ilikuwa nzito, tukaiacha. Ya pili ilikuwa nzuri kweli: kila akaunti ina rangi yake, kikasha chake na sahihi yake. Kama una akaunti nyingi na ninakupenda, hiyo ndiyo nitakuwekea. Ya tatu ilimwaga barua zote katika kikasha kimoja, na sahihi ukiiandika mara moja, inajibandika chini ya kila barua, itoke akaunti gani itoke, mpaka uingie kwenye mipangilio uzitenganishe.

Nikamwekea ya tatu.

"Sahihi niandike nini, Japuonj?" nikamuuliza, maana ndivyo Wajaluo tunavyomwita mwalimu.

"Jina langu lote. Weka na vyeo. Mtu akisoma ajue anaongea na nani."

Nikaandika jina, Mwalimu Mkuu Mstaafu, Mzee wa Kanisa, Msimamizi Mkuu wa Gesti. Akasema niongeze namba ya simu, nikaiongeza kwa furaha.

"Lakini hii itatokea kwa akaunti zote, Japuonj. Ni sawa?"

"Si ndio nataka? Nimefundisha watu wazima, mimi. Usinisomee kama mtoto wa nasari."

Kwa hiyo nilimwambia. Anayesema nilimtegea akumbuke hapo.

Baada ya hapo nilifanya kazi nikiimba. Nilijua mtu wa aina yake hatosheki na kiti kimoja, na alikuwa na mpwa mwingine. Na nilijua sahihi hukaa chini kabisa, mbali na kidole kinachoandika, na Mwalimu akishamaliza kusema harudi nyuma kutazama.

Siku Hajji alipotuita sote wawili ofisini Suna, nilivaa kitambaa changu kizuri cha kichwa.

Hajji alitoa simu yake, akamsogezea Mwalimu. "Nisomee hii. Miwani nimeisahau dukani."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa kanzu, niliiona.

Mwalimu akatazama, akakohoa, akaanza kusoma. "Mimi ni mteja wa kawaida. Huyu mama wa Suna ni mchafu, na anafaa kufutwa kabisa." Akainua macho. "Imeisha, Hajji."

"Haijaisha. Chini kuna jina."

Akalisoma jina lake. Akasoma Mwalimu Mkuu Mstaafu. Akasoma Mzee wa Kanisa, sauti ikizidi kushuka, mpaka namba ya simu, na Hajji hakumruhusu kuruka hata tarakimu. Nilimtazama usoni muda wote. Sikutaka kukosa chochote.

"Wewe rudi Homa Bay kwa mama yako," Hajji akaniambia. "Lakini mteja wetu hajajibiwa."

Nikavuta kompyuta. Hajji alifungua kinywa anisomee, nikamwambia asijisumbue, maneno ninayo. Tumepokea malalamiko yako. Mhusika ameondolewa. Karibu tena.

Nikatuma. Simu ikalia mfukoni mwa Mwalimu.