Komeo la Ndani

Kibanda cha Fundi kilikuwa kimeegemea ukuta wa duka la dawa, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alilazimika kubaki nje na kunyoosha mkono. Ndani mlikuwa na jiriwa ya kubania vyuma, mashine ya kuchonga, tupa zilizopangwa kwa unene, na ukuta mzima wa funguo ambazo bado hazijachongwa, zikining'inia kusubiri kupewa meno. Kazi hiyo aliisomea chuo cha ufundi, akatoka na cheti na tabia moja ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha: hakuwahi kumwuliza mteja ufunguo ni wa mlango gani. Alichonga, akapuliza vumbi la shaba, akakabidhi, akasahau. Alijua jinsi ufunguo unavyozaana ukishatoka mkononi mwa mwenyewe, na ndiyo maana wa kwake hakumpa mtu.

Aliishi na shangazi yake ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko. Shangazi ndiye aliyewalea yeye na kaka yake, na ndiye aliyempachika Fundi jina la Chiriku, ndege asiyenyamaza, kwa utani, kwa kuwa mtoto yule aliweza kumaliza kutwa bila kutoa maneno ya kujaza kikombe. Sasa mambo yalikuwa yamegeuka. Shangazi ndiye aliyeogeshwa na kuchaguliwa nguo, na akili yake ilikuja na kukatika kama umeme wa mtaa ule. Alikuwa ametoka peke yake mara mbili. Mara ya pili alikutwa kituo cha mabasi, kiatu mguu mmoja, akimwuliza kila dereva kama anaelekea kwa mama yake, ambaye alizikwa kabla Fundi hajazaliwa.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Fundi alifunga gesi kwenye mtungi, akaacha chai kwenye chupa na chakula kilichofunikwa sahani, kisha akatoka na kuufunga mlango kwa nje. Hakumwambia mtu. Majirani wakiuliza, alisema Shangazi siku hizi analala sana. Kibandani mikono yake ilichonga funguo za watu, lakini masikio yake aliyaacha nyumbani. Harusi ya rafiki aliyesoma naye hakwenda. Safari ya kumwona mtoto mchanga wa kaka yake aliahirisha, akaahirisha tena, mpaka akaacha kuitaja.

Jumapili kaka yake alipiga simu kutoka mji mwingine. Simu ya kaka ilikwenda kama taarifa ya habari: mtoto wa kiume anaendelea vizuri, amefika kilo nne, nani kahama, nani kapata kazi, binamu yupi hasemi na binamu yupi. Kaka alipomeza mate, Fundi akajipenyeza.

"Kaka, nilitaka tuzungumze kuhusu Shangazi. Pengine akae kwako kidogo, hata mwezi."

"Mdogo wangu, nyumba yangu unaijua. Na sasa kuna kichanga. Halafu Shangazi amekuzoea wewe. Wewe una moyo. Kila siku namwambia wifi yako, yule dada ana moyo wa peke yake."

"Moyo ninao. Mikono ndiyo miwili."

Kaka akacheka, akadhani ni mzaha, akaomba apewe Shangazi. Shangazi aliishika simu kwa mikono yote miwili, akasikiliza, akang'aa uso. Siku nzima alikuwa akirudia peke yake: wa kiume, kilo nne. Fundi aliosha vyombo akiwaza sifa za kaka. Kila mtu aliyemsifu kwa moyo wake alikuwa kama anayekaza skrubu nyingine, na hakuona namna ya kuzikataa sifa hizo bila kuonekana mkatili.

Katikati ya wiki, jioni, alipanda ngazi akiwa amechoka, akatia ufunguo mlangoni. Kitasa kilizunguka vizuri. Mlango haukwenda. Akausukuma kwa bega, na huko juu, upande wa ndani, chuma kikagonga chuma. Akaelewa papo hapo. Lilikuwa komeo ambalo alilifunga kwa mikono yake mwenyewe enzi zile wezi walipokuwa wakilisumbua jengo, tena kwa skrubu ndefu kuliko zilizohitajika. Walikuwa wameacha kulitumia, akalisahau. Komeo halina tundu la ufunguo. Mji mzima ulimletea vitasa vyake, na kitu pekee kilichomshinda kilikuwa hiki cha nyumbani kwake.

"Shangazi. Ni mimi. Fungua."

"Sifungui."

"Ni mimi, Chiriku."

"Chiriku yuko kazini. Wewe nakujua. Wewe ndiye unayenifungia kila siku."

Fundi aliuondoa mkono kwenye kitasa.

"Ngoja mwanangu arudi," sauti iliendelea, bila hasira, kama ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mwanangu ni fundi wa funguo. Hakuna mlango unaomshinda. Akija atanitoa, na wewe atakutia adabu."

Mchomeleaji wa mageti aliyekaa ghorofa ya chini alisikia mabishano, akapanda huku akifuta mikono kwenye suruali.

"Leo nimeona makubwa. Daktari wa milango kafungiwa kwake." Kisha akauona uso wa Fundi, akashusha sauti. "Nikalete mtaimbo? Hilo nalichomoa sasa hivi."

"Subiri kwanza."

"Usubiri nini? Mzee akianguka humo ndani je?"

"Ukiuvunja ataamini wezi wameingia. Na presha yake ile."

"Na asipofungua?"

Dawa ya presha ilikuwa ndani ya mkoba begani mwa Fundi. Alikuwa akitembea nayo ili Shangazi asije akaimeza yote kwa mara moja, na ilipaswa kumezwa kabla ya giza. Kutoka ndani kulisikika stuli ikiburuzwa hadi mlangoni, kisha Shangazi akapaza sauti. "Majirani! Nimefungiwa humu!" Maneno yalishuka ngazi hadi chini. Milango ikafunguka. Fundi alibaki ameukazia macho ufunguo, kana kwamba umechongwa vibaya.

"Kalete mtaimbo," alisema hatimaye.

Mchomeleaji alipokuwa akishuka alipishana na Redio. Redio alikaa mlango wa mkabala, aliuza nguo za mitumba sokoni, na jina lake alikuwa amelipata kihalali: habari ikimfikia asubuhi, mchana mtaa mzima umeshaijua. Katika jengo lote, ndiye mtu wa mwisho ambaye Fundi angependa kumwona saa hiyo.

Redio hakuuliza kitu. Alitua furushi, akavua viatu, akaketi sakafuni, mgongo kwenye mlango, kama mtu anayekaa mahali pake pa kila siku.

"Shoga, umelala?"

"Nitalalaje na kelele hizi?" Shangazi alijibu, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Yule mwanamke yuko hapo nje."

"Nimemwona, achana naye. Mimi nimekuja na habari. Nasikia mke wa kijana wenu kajifungua. Hongera. Mtoto wa kike."

Ndani stuli ililia.

"Nani kakwambia wa kike?"

"Mtaa mzima. Tena kadogo, kama paka."

"Mtaa mzima waongo. Wa kiume. Kilo nne."

"Kilo mbili? Si haba, atakua tu."

"Nne!"

"Shoga, huu mlango unameza maneno."

"Mlango gani. Masikio yako umeyauza pamoja na hiyo mitumba."

Stuli ilisogezwa. Chuma kilikwaruza, kikakwama, kikakwaruza tena. Mlango ulifunguka kiasi cha uso, na Shangazi akatokeza na vidole vinne hewani, tayari kufundisha. Ndipo alipomwona Fundi nyuma ya Redio. Uso wake ukatulia.

"Chiriku. Umechelewa. Kuna mwanamke alikuwa hapa."

"Nimemwona, Shangazi."

"Kaondoka?"

"Kaondoka."

Mchomeleaji, aliyekuwa amefika na mtaimbo, aligeuka kimyakimya na kushuka nao.

Dawa ilipokwisha kumezwa, Fundi alitoka kumtafuta Redio. Alimkuta bado pale nje, akilifunga furushi upya.

"Ulijuaje kama atakujibu?"

"Kila mchana nikitoka sokoni nakaa hapo tunaongea. Ananiuliza kama jua ni kali. Siku nyingine ananitukana, nafurahi tu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kumfungia."

"Na hukuniambia."

"Wewe uliniambia?"

Fundi aliinamisha macho kwenye viatu vya Redio, vilivyopangwa pembeni. "Wala hukumwambia mtu."

"Mimi natangaza harusi na ugomvi," Redio alisema. "Hili si la kutangaza."

Usiku huo huo Fundi alizitoa skrubu za komeo, akayaziba matundu kwa gundi na vumbi la mbao. Kesho yake kibandani aliutia ufunguo wake kwenye mashine. Ilikuwa mara ya kwanza kuutolea nakala, na mkono ambao haukuwahi kusita ulisita. Kisha akaupitishia tupa ule mpya mpaka meno hayakukwaruza kidole.

Redio aliupokea na kuutia kifuani. "Mchana nitaingia, nitakula naye. Ila asubuhi usinitegemee. Mimi natoka kabla yako."

Basi asubuhi zikabaki vilevile. Gesi, chai, sahani. Shangazi alikuwa ameketi mezani, nywele zimechanwa, akili imekuja.

"Chiriku, ukitoka umwangalie yule mwanamke. Asije akakukuta mlangoni."

"Nitamwangalia."

Alikuwa amekitia kitasa mafuta, makusudi. Aliuvuta mlango, akauzungusha ufunguo polepole, na kitasa hakikutoa hata mlio. Akasimama, kiganja kwenye mbao. Ndani nyayo zilisogea, zikafika karibu kabisa, zikatulia.

"Ni yeye," Shangazi alisema taratibu, akijiambia mwenyewe.

Fundi alivua viatu, akashuka ngazi akiwa amevishika mkononi.