Gharama ya Simbilisi Watatu Hadi Kufa

Binti yangu alipokwenda chuo kikuu aliniachia simbilisi watatu, wanyama wasio na mkia, wadogo kuliko sungura, ambao hupiga mluzi kila wasikiapo mlango wa friji ukifunguliwa.

"Baba, nikirudi niwakute wote," alisema, kwa sauti ya mtu anayemjua baba yake.

Nimesomea hesabu, basi nikachora jedwali: kila mmoja atanigharimu kiasi gani hadi afe. Wa nywele fupi alikuwa rahisi, nyasi na sukuma wiki tu. Wa nywele za mafundomafundo alitaka na brashi. Wa nywele ndefu, kwa joto hili la Garissa, alitaka feni na chupa za barafu kila mchana. Jumla yake ya maisha ingenunua ndama wa ngamia. Nilijiona mwerevu hata nikamsomea jirani yangu, mama anayeniletea maziwa.

Akatua mtungi. "Mwalimu, astaghfirullah! Mbuzi yangu, hata bwana yangu hajui ni ngapi. Mnyama hahesabiwi na mdomo. Wewe umehesabu mpaka siku ya kufa?"

"Ni makadirio tu, mama."

"Haya. Sasa kifo nayo imesikia bei."

Nilicheka. Ijumaa ile, adhuhuri, feni ikizunguka na barafu haijayeyuka, nilimkuta wa nywele ndefu amelala ubavu ndani ya sanduku lao, baridi. Baridi, katika mji ambao maji ya bomba huchoma vidole. Wiki iliyofuata akaenda wa mafundo. Nikalitia jedwali kwenye jiko la makaa, mimi na shahada zangu mbili.

Alibaki wa nywele fupi. Aliacha kupiga mluzi. Friji ikifunguliwa, alisogea ukutani mwa sanduku, kama anayewapisha wenzake.

Jumapili, nimetoka kanisani, binti akapiga simu. "Wako wangapi, baba?"

Nikajibu kama jirani yangu: "Wapo, alhamdulillahi."

"Wangapi?"

"Wapo."

Nikafungua friji nitafute maji. Mluzi ukatoka sandukuni. Ukafuata wa pili. Kisha wa tatu, ule mwembamba wa nywele ndefu.

"Nawasikia!" binti akacheka.

Nikaufunga mlango polepole. Sikuenda kuhesabu.