Balbu ya Mbele

Mwalimu wetu wa fizikia, wanafunzi wanamwita Madam Balbu kwa sababu kila muhula huingia darasani na kibao chake cha saketi, balbu na nyaya. Mimi nafundisha hesabu shule hiyohiyo na nyumbani tunapakana ukuta, kwa hiyo uchovu wake naujua nje ndani.

Mama yake alivunjika nyonga, hainuki kitandani. Akili timamu, ulimi timamu. Ni miguu tu iliyogoma. Madam ana wadogo zake wawili wa kiume, watu wazima wenye nguvu zao. Si wabaya. Wakiagizwa wanakwenda, lakini mpaka waagizwe! Utamkuta mmoja amekaa sebuleni kwa dada yake, anampigia simu yeye aliye darasani: "Dada, mama ameshakula?" Na huyo mama yuko chumbani nyuma ya pazia, anamsikia. Mimi ningeshawatimua zamani.

Juzijuzi Madam alisinzia amesimama ubaoni, chaki mkononi. Nikamwambia, "Mwenzangu, utaanguka."

"Nikianguka, nani atamgeuza mama?" akanijibu. Hofu hiyo ndiyo iliyokuwa inammaliza kuliko kazi yenyewe.

Jumapili nilipita kumjulia hali mama, nikawakuta wadogo zake wanakunywa chai. Madam akaweka kibao chake mezani, katikati ya vikombe. Balbu tatu ndogo za aina moja: moja mbele, mbili nyuma yake zimegawana njia. Akaunganisha betri. Ya mbele ikang'aa, za nyuma zikawaka kwa unyonge.

"Hiyo ya mbele ina nguvu zaidi," akasema kitinda mimba.

Madam akaihamisha nyuma, akaleta ya nyuma mbele. Iliyokuwa nyonge ikang'aa, iliyokuwa iking'aa ikafifia.

"Zote sawa," akasema. "Ni pale ilipokaa. Umeme wote unapita kwa ya mbele, ndipo hizi mbili zigawane nusu kwa nusu."

"Basi ya mbele ni wewe, dada," akacheka yule mkubwa. "Taa ya nyumba!"

Madam hakucheka. Akaichomoa ya mbele. Zile mbili zikazima papo hapo.

"Betri nzima. Balbu nazo nzima," akasema. "Nimechoka, wadogo zangu. Nimechoka sana."

Chai ikapoa. Akazipanga upya, kila balbu na nyaya zake yenyewe mpaka kwenye betri. Zikawaka zote tatu, mwanga mmoja. Akaichomoa moja; mbili zikabaki zinawaka vilevile.

Kitinda mimba akaweka kikombe chini. "Leo mama namwosha miguu mimi," akasema, akaingia chumbani kama mwanajeshi. Nikasema moyoni, haya, hatimaye.

Haikupita dakika, kichwa kikachungulia pazia. "Dada, beseni liko wapi?"

Madam akafumbua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaufumba. Kijana akamtazama dada yake, dada akatazama meza.

Ndipo sauti ikatoka kitandani, taratibu. "Liko uvunguni, baba. Mbona mimi huniulizi?"

Kijana akageuka, akarudi ndani. Tukasikia beseni likiburutwa sakafuni. Kabla maji hayajamiminwa, Madam alikuwa amelala palepale kitini, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha.