Uchafu wa Viti vya Mwalimu

Jumanne, tarehe nane. Manyunyu tangu alfajiri.

Mwalimu Nduku ameniletea gari nisafishe viti vyake vya ngozi, maana Jumamosi litabeba wazee wanaoenda kumposea kijana wake. Nililoweka kitambaa kwa thina, ile tunayochanganyia rangi, nikasugua. Kikatoka kahawia. Nikasugua tena, kikatoka kahawia zaidi. Siku nyingi huwa najiuliza kama kazi hii naijua. Leo sikujiuliza. Vitambaa sita nilivitundika uani ili wateja wajionee.

Aliporudi nikamwambia, "Mwalimu, si kwa ubaya, lakini umekuwa ukikalia shamba zima!"

Mafundi wenzangu wakacheka. Yeye akainama, akatazama kiti cha dereva, ambacho sasa kilikuwa cheupe kama ugali.

"Muthama, nilikuletea viti vya rangi gani?"

"Kahawia, Mwalimu."

"Na hivyo vitambaa vyako ni rangi gani?"

Nilivitazama vyote sita. Haki isemwe, hakunitukana hata kidogo. Alisema tu, "Wazee watakuja na suti. Virudishie rangi yake, na ikauke kabla ya Jumamosi."

Jioni tumekula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na kabeji.