Taa Nyekundu Iliyonyamaza

Nakumbuka Jumamosi moja ya Julai, baridi ile ya Riruta inayoingia mpaka kwenye meno, nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba ya Baba Mukuru, mikono kiunoni, nimefurahi. Ndiyo, mwanangu, nimefurahi. Pikipiki yangu ilikuwa imeacha kunisumbua, na mimi nilidhani imepona.

Lakini ngoja kwanza nikuambie kwa nini nayakumbuka haya leo. Wewe Kimani umeshinda hapa kwangu mtaani Satellite tangu asubuhi, umeifungua dashibodi ya hiyo pikipiki kuukuu uliyonunua, unabadilisha balbu. Vizuri. Nimekushikia skrubu ndani ya kofia yangu zisipotee matopeni. Ila nimekiona kile kipande cha tepu nyeusi ulichokuwa umebandika juu ya taa nyekundu ya oili. Nimekuuliza ni cha nini, ukanijibu, "Inaniwakia tu machoni, Anko. Hiyo ni pambo." Pambo! Nikakuacha uendelee, maana nilikuwa na jambo jingine moyoni. Tangu tumzike mama yako, dadangu niliyefuatana naye tumboni, kila nikikuuliza habari unaniambia, "Niko poa, Anko." Hukulia kaburini. Hukulia nyumbani. Watu wa kanisa wananipongeza, ati kijana amejikaza, Mungu ni mwema. Mimi usingizi umenikimbia. Kwa hiyo kaa hapo juu ya debe, weka bisibisi chini, unisikilize. Chai inakuja.

Zamani hizo nilikuwa tarishi wa ofisi moja ya mawakili katikati ya mji. Kazi yangu ilikuwa kupeleka bahasha kwa wenyewe: leo Spring Valley, kesho Karen, kwenye mageti marefu yenye mbwa wanaokula vizuri kuliko mimi. Nilikuwa na pikipiki ya Kijapani, injini ya mia mbili na hamsini, niliyoipata ikiwa imeshachoka. Wacha nikuambie ukweli, nilijiona. Nilikuwa na koti la ngozi la mtumba na miwani ya jua, hata mvua ikinyesha siivui.

Aliyenilea ni kaka mkubwa wa baba yangu. Sisi Wakikuyu mtu huyo tunamwita Baba Mukuru, na baba yangu alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa baba. Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa mitambo mpaka akastaafu, akarudi kwenye ploti yake Riruta kufuga ng'ombe. Alikuwa pia mnung'unikaji hodari, sijaona wa kumpiku. Chai ikiwa moto ananung'unika, ikiwa baridi ndiyo usiseme. Lakini hasa hasa alinung'unikia tumbo lake. "Tumbo hili litaniua," ndiyo ilikuwa sala yake ya baada ya kula. Nasi tunamjibu, "Baba, si ulisema litakuua mwaka jana? Limekwama foleni wapi?" Tunacheka mpaka tunashika mbavu. Hata mkewe, Mama Wambui, alikuwa anacheka. Mzee naye anavua kandambili anaturushia.

Sasa Jumamosi hiyo nilimpelekea pikipiki kwa sababu taa ya kuangazia mishale ya spidi ilikuwa imekufa, na jioni zile za ukungu nilikuwa naendesha bila kujua kasi yangu. Nilikwenda Grogan, kwa wauza vipuri, kutafuta balbu nikapata moja tu. Nikamwambia Baba Mukuru aiweke kwenye spidi, na akipenda, aitoe na ile ya taa nyekundu ya oili aiongezee hapo, pawe na mwanga wa kutosha.

"Na oili itasema na nini?" akaniuliza.

"Hiyo haina kazi tena, Baba. Wiki iliyopita ilikuwa inapepesa pepesa nikisimama kwenye foleni. Halafu juzi ikaacha yenyewe. Imepona."

Alizima swichi, akafungua nati ya kebo ya spidi kwa vidole, akalegeza zile nati mbili za chini, akainua dashibodi polepole mpaka nyaya zikaonekana. Kila balbu hukaa ndani ya kikombe cha mpira. Akavuta kile cha taa nyekundu, akatoa balbu kwa kuivuta moja kwa moja, si kwa kuizungusha, maana zile hazina meno. Akaiinua juu akaitazama dhidi ya mawingu, kisha akaniwekea kiganjani. Kioo kilikuwa cheusi ndani kama sufuria iliyounguza githeri.

"Haikupona," akasema. "Ilikufa."

Akasugua kutu ya kijani kwenye kikombe kwa kipande cha msasa, akachukua ile balbu mpya niliyoinunua kwa ajili ya spidi, akaiweka kwenye nyekundu. Nikalalamika. Akawasha swichi, injini ikiwa bado kimya, na taa ikawaka, nyekundu ya kutisha. "Piga kiki," akaniambia. Nikapiga. Injini ikanguruma, lakini taa, ambayo hapo hutakiwa kuzimika, haikuzimika. Akaniashiria nizime haraka. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kilitoka kikavu.

Mwanangu, nimegombezwa na wengi maishani, na wengine walikuwa na bunduki, lakini sijagombezwa kama siku ile. Hakupaza sauti. Aliniambia injini ikikosa oili hukwama ghafla, tairi la nyuma linafunga, na mtu anaangukia lami ya Ngong Road lori likiwa nyuma yake. "Taa imekulilia wiki nzima," akasema. "Ilipochoka kulia ukafurahi. Wewe ni mtu wa namna gani?" Akajaza oili, akafunga nati moja baada ya nyingine, kisha akanipa sheria ambayo wewe nawe leo utaichukua: ukiwasha swichi, kabla injini haijanguruma, nyekundu lazima iwake. Isipowaka hapo, usiseme hakuna shida. Sema hakuna wa kukuambia.

Nilirudi nyumbani na spidi yangu gizani na roho yangu mikononi. Nilimshukuru, nikamletea mkate na nyama siku ya Jumapili. Alikula, akashika tumbo, akanung'unika. Tukacheka.

Sasa ndipo penye uchungu, na hapa nitakwenda polepole, hata leo na mvi hizi.

Ulipita mwaka hivi, na Baba Mukuru akaacha kunung'unika. Lo, nyumba ilivyotulia! Chai ikiwa baridi anakunywa. Tumbo halitaji. Mama Wambui alisimama kanisani akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemponya mume wake, nasi tukapiga makofi. Mimi mwenyewe nilimwuliza, "Vipi tumbo, Baba?" Akasema, "Niko sawa kabisa." Nikapanda pikipiki yangu nikaenda zangu mjini. Kumbe mshipi wake ulikuwa na matundu mapya, aliyotoboa kwa msumari, moja baada ya jingine kuelekea kwenye bizimu. Niliyaona. Nikadhani mzee anajipendezesha uzeeni. Ati dalili ya mvua ni mawingu. Sisi mawingu tuliyaona, tukasema ni moshi wa jikoni.

Alianguka kwenye zizi asubuhi moja akikamua. Tulimpeleka hospitali na daktari akatueleza kwamba kitu kilichokuwa tumboni kilikuwa cha siku nyingi, na kwamba mzee alikuwa amekwisha kuambiwa zamani, akaenda zake. Hapakuwa na la kufanya tena. Mama Wambui aliketi sakafuni pale pale kwenye ukumbi, watu wakampita kando.

Nilibaki naye kando ya kitanda mchana mmoja, sisi wawili. Alikuwa amekuwa mdogo, mwanangu, shuka ilikuwa karibu tupu. Nikamwuliza, kwa hasira, Mungu anisamehe, "Baba, mbona hukutuambia?"

"Niliwaambia miaka yote," akasema. "Mkacheka."

"Tulikuwa tunatania tu."

"Najua." Akapumua kwanza. "Siku niliyotoka kwa daktari nilirudi na nia ya kusema. Mlikuwa wote mezani. Nikashika tumbo, nikafungua mdomo, mtu mmoja akasema, 'Haya, limeanza tena.' Mkacheka. Nikaona basi."

Hakuniambia ni nani aliyesema. Sikuthubutu kumwuliza. Kila mtu wa meza ile anajua alivyokuwa akitania, nami nilikuwa mtaniaji wao mkuu. Nilishika mkono wake nikauona ule mkono wa fundi, kucha zina oili bado, nikakumbuka balbu nyeusi kiganjani mwangu. Haikupona. Ilikufa. Maneno yalikuwa yake mwenyewe, alinifundisha mwenyewe, na bado alinyamaza mbele ya macho yangu mwaka mzima nami nikashukuru kwa kimya hicho.

Alifariki mvua za masika zikiwa hazijaisha. Tulimzika kwenye ploti, karibu na pale alipofungua dashibodi yangu, na nililia kwa sauti mpaka wazee wakanikemea. Kilio hicho kilimsaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, sibishani nao. Lakini nimezeeka nikaona kwamba methali hiyo inamsema mgonjwa peke yake, na sisi tuliokuwa mezani inatuacha tukinywa chai yetu. Mtu hafichi tu. Mara nyingi amefichishwa. Amesema mara ya kwanza tukamwambia ajikaze, mara ya pili tukamtania, mara ya tatu tukamwambia wengine wana shida kubwa kuliko zake. Hiyo yote ni tepu nyeusi, Kimani. Tunaibandika kwa sababu taa inatuwakia machoni.

Kwa hiyo shika haya. Anayelalamika nyumbani kwako, awe mke, awe mtoto, awe mzee kama mimi anayesema magoti yanauma, usimchoke haraka. Huyo bado ana imani kwamba utamsikia. Mwogope zaidi yule aliyekuwa akilalamika akaacha, na wewe hukumtengenezea kitu chochote. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Usitoe ushuhuda kanisani kabla hujachomoa kijiti ukaona oili. Na nyekundu lazima iwake pale inapostahili kuwaka. Mtu aliyefiwa na mama, kijana mwenye moyo wa nyama, swichi ikiwashwa lazima pawake kitu. Asipoonyesha lolote, mimi si wale wa kanisani. Sitasema amejikaza.

Nawe ukiwa ndiye mwenye maumivu, sema. Wakicheka, sema tena. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta mwingine haujengeki. Wakicheka mara ya tatu, ondoka hapo uende kwa mtu mwingine, uje kwangu, nami nikicheka nipige na hiyo bisibisi. Baba Mukuru alituhurumia akatunyamazia. Huruma hiyo ilimuua yeye, na sisi tumeibeba mpaka leo.

Tepu umeibandua, nimeona. Balbu mpya zinawaka zote, kijani na nyekundu na ya spidi. Umefanya kazi safi, mama yako angejivuna mbele ya majirani mpaka wamkome.

Mungu akulinde kwenye lami na kwenye matope, akurudishe nyumbani kila jioni ukiwa mzima. Akupe mdomo wa kusema linalouma, na usikose mtu wa kukusikia. Mama yako alale pema. Wazee waliotutangulia wakuangalie, na Baba Mukuru awe wa kwanza, anajua njia za pikipiki.

Chai ndiyo hiyo imefika. Ikipoa tutainywa hivyo hivyo, sina haraka na siendi popote. Nimewasha swichi, mwanangu, nakuuliza upya, na usiniambie poa. Uko vipi?