Simbi ya Jiwe

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mtu niliyezungumza naye kuliko wote alikuwa jiwe. Nalisema bila aibu sasa, kwa kuwa nimezeeka na mzee husamehewa mengi. Wakati ule ningekatwa ulimi kabla ya kulisema.

Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, lakini nguo zilikuwa bado adimu. Tuliishi mimi na Bibi, mama yake Baba, upande wa Bugarama, katika mji, ndivyo tulivyoita boma la nyumba moja, uliozungushiwa ua wa minyaa. Mama alikuwa ameachana na Baba na kuolewa tena Ushirombo. Kwa kuwa ng'ombe wa mahari walikuwa wametoka kwa Bibi, mimi nilibaki kwa Bibi. Ndivyo ilivyokuwa, watoto walifuata ng'ombe. Hakuna aliyeniuliza, wala sikumbuki kama nilitegemea kuulizwa.

Baba yangu, Luhende, alikuwa mchimbaji. Alianza na dhahabu Geita, kisha akachukuliwa na mzungu mmoja aliyezunguka nchi na nyundo ndogo akigonga mawe. Mzungu alimpenda kwa sababu Baba alijua kupasua mwamba bila kuusaga. Akaenda naye pwani, upande wa Lindi. Barua hazikuja, na hata zingekuja, nani angezisoma? Mavuno mawili yakapita. Siku moja mchana akaja Masanja, mwenzake aliyeondoka naye, akiwa na sanduku la bati kichwani. Bibi alipoona amekuja peke yake alikaa chini pale pale uani, kabla hata ya kusalimiwa.

"Ni homa, mayu," Masanja alisema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Siku nne tu. Tumemzika kule kule."

Ndani ya sanduku kulikuwa na blanketi, shati, mkanda, na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Masanja alikifungua kitambaa. Lilikuwa jiwe la kahawia, ukubwa wa ngumi ya mwanamume, zito kuliko ulivyolitazamia. Upande mmoja lilikuwa mviringo na laini. Upande wa pili lilijikunja, likaacha ufa mrefu kama mdomo usiofungwa vizuri. Kila mtu wa kwetu angelitazama na kuona kitu kimoja tu: simbi, yale makombe madogo meupe tunayovaa kwa ajili ya waliotangulia. Ila hakuna simbi inayokua kiasi hicho.

Masanja alitueleza. Walikuwa wamechimba kwenye kilima, wakakuta pingili za mgongo zimelala mstari mmoja, kila moja kama kinu. Mzungu aliruka kama aliyepata dhahabu. Wao waliotoka Geita walichekana: siku zote hizo za sururu, kisha mifupa! Mzungu akawaambia ni mnyama mkubwa wa baharini, mfano wa samaki, wa zamani mno, amegeuka jiwe.

"Na bahari iko wapi hapo?" Bibi aliuliza.

"Huioni, mayu. Ni mwendo wa asubuhi nzima."

"Kwa hiyo samaki alipanda kilima kwa miguu."

"Anasema bahari ndiyo iliyokuwa pale."

"Ikaenda wapi?"

Masanja aliligeuza jiwe mkononi. Alisema tu kwamba kipande hicho kilitoka karibu na kichwa, na kwa kuwa kilikuwa na mwenzake, Baba alimwomba mzungu ampe kimoja. Alikaa nacho mfukoni mpaka alipougua. "Alisema ni cha Kabula," Masanja alisema, akanitazama. Kabula ndiye mimi. Maana yake ni kamvua kadogo, na mtaona jinsi jina hilo lilivyonisuta.

"Samaki simjui," Bibi alisema mwishoni. "Hii ni simbi. Wametuletea mtoto wangu."

Kwetu mtu akifia ugenini na mwili usipoletwa, huletwa kitu kilichokaa na mwili wake, kikazikwa nyuma ya nyumba kama yeye mwenyewe. Asipozikwa hivyo huwa nje, na aliye nje ana njaa. Anaweza kuchukua ndama, anaweza kuchukua mtoto, anaweza kusimama njiani akazuia mvua. Bibi alinieleza hayo akichambua mtama, kwa sauti ile ile ya kunikumbusha kufunga zizi. "Aliyeachwa nje naye hukuacha nje. Usisahau."

Mazishi yalingoja miezi mitatu, mpaka mtama wa pombe upatikane na ndugu waje. Miezi hiyo jiwe lilikaa ndani ya chungu karibu na kitanda cha Bibi. Mimi nililitoa kila siku nikaenda nalo kuchunga ndama. Watoto wenzangu walikuwa na kaka na dada. Mimi nilikuwa na ndama wanne wasio na adabu. Kwa hiyo niliweka mdomo wangu kwenye ule ufa nikamweleza Baba habari za nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa. Bibi ameumwa mgongo. Mama Shija ametuletea maziwa. Leo nimepigwa, lakini nilikosa kweli. Sikuomba kitu. Nilitaka ajue tu, ili siku akirudi asiwe mgeni.

Ndiyo, nilijua amekufa. Mtoto anaweza kujua mambo mawili kwa pamoja na yasigombane.

Siku ya mazishi ilipokaribia nilishindwa. Watu wangelichukua, wangelifukia, kisha wangekunywa pombe na kwenda zao, na mimi ningebaki na ndama. Asubuhi ile, ndugu wakiwa wananyoana nywele za msiba uani, nilitia kitambaani jiwe jeupe la mtoni, nikafunga fundo kama lilivyokuwa. Simbi nikaipeleka kwenye majabali yaliyo juu ya malisho, ndani ya mwanya. Watoto hawakufika pale kwa sababu waliambiwa kuna chatu wa mababu. Mimi nilifika. Chatu sikumwona, labda naye alichoka kuogopwa akahama.

Bibi ndiye aliyeshuka shimoni kulaza kile kifurushi. Nakumbuka alisimama kidogo nacho mikononi. Kisha akakilaza, akapanda, akasema, "Fukieni."

Mvua za mwaka ule hazikuja. Ingekuwa nchi nzima imekauka watu wangesema ni Mungu, lakini ng'ambo ya mlima ilinyesha, tukaiona inavyonyesha. Mawingu yalikuja mpaka juu ya majabali yetu yakageuka. Kila yalipogeuka niliinamisha uso, kwa kuwa mimi peke yangu nilijua nani yuko nje, na nani amemwacha nje. Niliendelea kwenda kwenye mwanya, lakini sasa sikumpa habari. Nilimbembeleza. "Baba, pita tu. Iache ipite."

Wazee walikwenda kwa mganga, akapasua kuku, akasoma matumbo yake. Alisema kuna kitu cha maji kimelala katika nchi kavu, na kila tone linalokuja kinaliita liende kwao baharini. Nani asiyejua ni mji upi ulioletewa kitu cha bahari? Tangu siku ile kijiji kilitufungia moto.

Wasomaji wa siku hizi, wenye viberiti katika kila mfuko, hawataelewa. Moto wetu ulihifadhiwa kwenye majivu, na ukizimika ulikwenda kwa jirani na kigae ukapewa makaa. Hakuna aliyekunyima, hata mgomvi wako. Ukinyimwa moto, umeambiwa wewe si mtu. Bibi aliugua siku mbili, nikasinzia, moto ukafa. Nikachukua kigae nikaenda kwa Mama Shija, yule wa maziwa.

"Mwangaluka, mayu," nilimsalimu.

Hakuitikia mhola, yaani salama. Alikuwa anakoroga ugali, mgongo kwangu. "Mwambie bibi yako moto wetu umezimika."

"Lakini unapika."

"Umezimika, Kabula."

Niliona anafuta macho kwa nyuma ya mkono. Nilizunguka miji mitano na kigae changu. Katika mmoja watoto walinicheka: "Kamvua kadogo! Unatafuta moto wa nini, si utauzima?" Nilirudi na kigae kitupu. Tulitafuna michembe mikavu ya viazi siku ile, na iliyofuata, na zilizofuata. Hakuna aliyekuja kumjulia Bibi hali. Nimeishi peke yangu miaka mingi baada ya hapo, nimezika mume, lakini upweke wa kweli ninaoujua mimi ni ule wa kuona moshi wa miji mitano ukipanda na wa kwenu haupo.

Kisha wazee watatu wakasimama nje ya minyaa, hawakuingia. Mkubwa wao alisema kwa heshima, maana aliwahi kula kwetu: "Mama Luhende, kesho kutwa tunafukua. Kitapelekwa ziwani, kirudi majini. Hatuna neno nawe kikiwepo."

Kikiwepo. Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikaelewa. Wangefukua, wangekuta jiwe jeupe la mtoni, na wangesema mwanamke huyu amekificha ili atuue. Wazee wa kike waliosemwa hivyo, kuwa wachawi, nilikuwa nimesikia mwisho wao. Nilikimbia majabalini. Niliporudi Bibi alikuwa amekaa penye jiko baridi, nikaiweka simbi mbele yake. Nililia tu.

Bibi aliichukua akaipima mkononi.

"Ulifikiri sikujua?" alisema. "Miezi mitatu nimelala karibu nayo. Ile niliyoshuka nayo shimoni ilikuwa nyepesi. Nimembeba Luhende tumboni na mgongoni, nisijue uzito wake?"

"Sasa mbona hukusema?"

Aliipangusa vumbi kwa upindo wa nguo. "Nami sikutaka kumfukia," alisema. "Nilifurahi umeniibia."

Hapo ndipo nilipolia kweli. Kwa miezi yote ile tulikuwa tumelala chumba kimoja, kila mmoja na siri yake, na siri ilikuwa ile ile. Alikuwa amekubali kunyimwa moto, kunyimwa salamu, asiseme neno moja la kunitaja.

Akanipa jiwe. "Haya. Mwage baba yako."

Niliweka mdomo kwenye ufa, lakini maneno yote yalinikimbia, nikasema, "Baba, unakwenda ziwani." Bibi naye akalichukua. Sikuwahi kumwona akilisemesha. Aliliinamia akasema neno moja tu, jina la utotoni la Baba, lile analoitwa mtoto kabla hajaota meno. Kisha akaenda mwenyewe mpaka kwa wazee, mikono imetandazwa, kitu kikionekana na wote. Kwa nini hakikutoka kaburini hawakuuliza. Nadhani walikuwa wamechoka nasi kama walivyochoka na jua.

Vijana wawili walikwenda nacho ziwani, mwendo wa siku tatu. Walipoondoka tu, kabla hawajafika hata bondeni, Mama Shija aliingia uani na kigae kimejaa makaa mekundu, anatembea haraka, anaungua vidole. Alipiga magoti akapuliza mpaka kuni zikashika. Kisha akamkumbatia Bibi, wote wawili wakalia, na moshi wetu ukapanda.

Nilitaka kumweleza Baba. Nilikimbia mpaka majabalini kabla ya kukumbuka kwamba mwanya ni mtupu.

Mvua ilinyesha wiki kadhaa baadaye. Wengine walisema mnaona. Bibi alisema mvua huja inapotaka. Nilipelekwa shule ya masista, nikawa mkunga, nikafanya kazi Geita mpaka nikastaafu.

Miaka michache iliyopita mjukuu wangu alinipeleka Dar es Salaam, akanipitisha katika nyumba ya makumbusho ili nipumzishe miguu penye kivuli. Katika kabati la kioo niliiona. Si yenyewe, bali mwenzake: rangi ile, mviringo ule, ufa ule. Nilijishikiza kwenye kabati. Kijana mtunzaji alifikiri ni joto, akaniletea kiti. Nilimuuliza kile ni nini.

"Ni mfupa wa nyangumi wa kale, mama. Wa sikio."

"Wa nini?"

"Sikio, la ndani. Nyangumi husikia kwa hicho. Ni mfupa mgumu sana, kwa hiyo mwili wote ukioza mara nyingi hicho ndicho kinachookotwa."

Nilikaa nikalitafakari hilo. Bibi alisema simbi, mzungu alisema mnyama wa bahari, mganga alisema kitu cha maji. Ukiondoa kuku, mganga hakukosea sana. Mtoto wa miaka minane, asiyejua bahari wala nyangumi, alikuwa ameweka mdomo wake mahali hasa. Sisemi kwamba Baba alisikia. Nimezalisha watoto wengi na kufumba macho ya wafu wengi, na sijui wafu wanasikia nini. Najua tu kwamba mwaka ule sikuwa na mtu mwingine, na kwamba kabla ya kufa kwake mtu mmoja alinichagulia, bila kujua, kitu cha kunisikiliza.

Nilimwomba kijana afungue kabati. Alisita, akatazama kushoto na kulia, kisha akafungua, labda kwa ajili ya mvi zangu. Nililishika. Uzito ulikuwa ule ule. Mjukuu wangu aliona haya, akasogea mbali.

Nikainamisha mdomo kwenye ufa, nikampa habari aliyokuwa ameikosa.

"Baba," nilisema, "moto tulipewa tena."